Kuhusu Ukosefu wa Mambamutu wa Butembo Katika Filamu ya Mjomba

Butembo, Jumapili jioni

Kwa Mjomba Jamali,
msafirishaji wa samaki na sasa mtengenezaji wa filamu,
Beni.

Mjomba mpendwa na mheshimiwa,

Asalaam aleikum. Huku sote ni wazima, na natumaini gari lako nalo limepona. Nakuandikia kwa heshima kuhusu filamu yako ya kutisha, ile ya mambamutu, wanawake wenye mkia wa samaki wanaowameza watu kule ziwani Kyavinyonge. Shuleni Madame Élise ametufundisha kwamba penye watu wengi, kila upande lazima uwakilishwe. Nimeitazama filamu yako, hapo ilipofikia, kwa jicho hilo, na nimehuzunika.

1. Mambamutu wote sita wanatoka Beni. Wanaomezwa wote wanatoka Butembo. Mimi mwenyewe nimemezwa mara tatu pale ufukweni, kila mara na kitambaa kingine kichwani ili watazamaji wasinitambue. Nilipouliza sababu, ulinijibu: « Mais, batu ba Butembo banakufaka muzuri! » Nashukuru kwa sifa hiyo, lakini ningependa kuishi angalau hadi katikati ya filamu.

2. Bénite, malkia wa mambamutu, aliniambia mbele ya kila mtu: « Weye mutoto ya Butembo, mu maji unatafuta nini? Enda kwanza uvae jaketi! » Ni kweli, Mjomba, kwetu kuna baridi. Lakini hakuna sheria inayomkataza mambamutu kuvaa sweta. Mkia unaanzia kiunoni. Huko juu nafasi ipo.

3. Mambamutu wote wameachia nywele ndefu za kununua. Hakuna hata mmoja aliyejifunika kichwa. Je, chini ya ziwa hakuna familia za Waislamu? Basi mizigo ya huko inasafirishwa na nani, wakati huku kwetu wasafirishaji wengi ni Waislamu kama wewe?

4. Tabia zao pia hazituwakilishi. Wanamwona mvuvi, wanammeza papo hapo. Mambamutu wa Butembo angeuliza kwanza bei ya samaki, angeomba apunguziwe, angejifanya anaondoka ili aitwe tena. Mvuvi angeogopa zaidi, maana angerudi kwa mke wake akiwa hai na bila faida.

5. Tukishapata haki yetu, tusiwasahau wengine. Watu wa Musienene wapewe mambamutu wao, hata kama mkia utakuwa na udongo wa viazi. Watu wa Mutwanga wapewe wawili, mmoja wa wakulima na mmoja wa walinzi wa mbuga, na wasiachwe peke yao wasije wakapigana. Umalkia nao uwe wa zamu. Na mvuvi, kabla ya kumezwa, aelezwe kwa adabu ni zamu ya nani.

Kwa hiyo naomba nafasi moja tu, hata ya yule wa nyuma asiyesema kitu. Nimeshajizoeza kitandani, miguu ikiwa imefungwa kwa kitenge cha Mama, na sasa naweza kugeuka bila kuanguka.

Nisalimie Mama Furaha, watoto wote, majirani, na Bénite pia, lakini yeye awe wa mwisho.

Ni mimi mpwa wako mtiifu, ninayesubiri jibu nikiwa bado sijamezwa,

Hadjara

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, Mama alikupigia simu, naye anasema umekubali hata kabla ya kusoma. Anasema Jumamosi mambamutu wote wataingia ziwani, na kwamba viboko wa pale hawana neno na mtu anayekaa kimya. Mjomba, nimelisoma upya somo la Madame Élise. Hata anayemezwa ni mwakilishi. Naomba nimezwe mara ya nne, mbali kidogo na maji.