Muundi wa Makame Utoke Kabatini Ukazikwe

Igawa, Mbarali.

Kwa Mganga Mfawidhi, hospitali yenye mashine ya kuchapa mifupa, Mbeya.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mashine yako nzima pia. Mimi ni Batuli, mjane wa Makame, dereva wa lori la mbao aliyeangukiwa na magogo Mafinga, akavunjika mguu, akaletwa kwako, akafia kwako. Kama humkumbuki, sikulaumu. Nenda pale mapokezi, kwenye kabati la kioo. Ule muundi mweupe wa plastiki uliosimamishwa humo ni wa kwake.

Najua ulivyopatikana, maana nilikuwepo. Mlimpiga picha kwenye mtambo, kompyuta ikaunganisha vipande, na mashine ikauchapa mfupa tabaka juu ya tabaka, mzima kama ulivyokuwa kabla ya magogo, ili madaktari wapime na kupinda vyuma kwenye plastiki kabla ya kumpasua. Dokta Nirav, anayeiendesha mashine hiyo, aliuleta hadi kitandani. Akasema, "Mzee Makame, huu ndio mguu wako." Makame akauangalia, akajibu, "Basi mpeni ruhusa huyo aende nyumbani, mimi nitamfuata." Wodi nzima ilicheka.

Mfupa ulikuwa tayari. Vyuma vilikuwa tayari. Chumba cha upasuaji ndicho hakikuwa tayari: leo hakuna dawa ya usingizi, kesho hakuna maji, keshokutwa daktari mpasuaji yuko kwenye semina ya mashine hiyo hiyo. Katika kungoja, damu ikaganda mguuni, ikapanda mapafuni. Tukamrudisha Igawa amefunikwa.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni juu ya huo mfupa, kwa sababu hizi.

1. Malazi. Makame alilala kitanda kimoja na Sosthenes wa Uyole, mzungu wa nne, kila mmoja akinusa miguu ya mwenzake. Mfupa wake unalala peke yake, una taa yake, na kila asubuhi unapanguswa kwa kitambaa laini. Taa ya wodi yetu ilikuwa imeungua. Niliambiwa nije na tochi.

2. Usafiri. Kutoka Mafinga alikuja nyuma ya pikapu, juu ya mbao, kwa kuwa gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Mfupa umekwenda Dar es Salaam kwa ndege, kwenye kongamano, umepakatwa kama mtoto. Makame kila aliposikia ndege ikipita alitoa kichwa dirishani mwa lori aitazame, nami nikimgombeza aangalie barabara. Kwa niaba yake nauonea wivu muundi wake.

3. Wageni. Nilizuiwa getini na chupa ya uji, ati saa ya kuona wagonjwa imepita. Uji ule aliunywa mlinzi. Mfupa unaonwa saa yoyote. Waheshimiwa wanaushika goti na kupiga picha nao. Nilipokuja kufuatilia cheti cha kifo nikanyoosha mkono, na mtu wa mapokezi akanikemea mbele ya watu, "Wewe mama, huo ni wa maonyesho, usiguse!" Mimi, niliyeukanda muundi ule kwa mafuta ya nazi tangu ulipovunjika mara ya kwanza, kwenye njia ya Ubaruku, siku alipoanguka na baiskeli amenipakia mimi na gunia la mpunga. Mimi niliangukia majani, yeye akaangukia jiwe, na gunia alilidaka.

4. Kibao. Chini ya mfupa mmeandika: "Mgonjwa wa kiume. Mafanikio ya hospitali yetu." Nimejiuliza sana ni nani aliyefanikiwa. Mfupa umepona, sikatai. Haujavimba, haunuki, hauombi maji, haumwiti muuguzi. Pengine huyo ndiye mgonjwa mliyemtaka siku zote, na mwenye mfupa ndiye aliyewaangusha.

5. Dini. Kwetu kilichotoka kwa mtu hakitupwi ovyo. Hata kucha na nywele hufukiwa. Shehe wetu anasema plastiki si nyama. Nikamwambia hospitali haiwaambii wageni ni plastiki, inawaambia ni mguu wa mgonjwa. Ama ni wa kwake, ukazikwe; ama si wa kwake, na mafanikio yenu yatoke kabatini pamoja nao. Kisha iko eda yangu. Niihesabu tangu alipozikwa, au tangu atakapozikwa kamili, na muundi wake? Na siku ya kufufuliwa, Makame atainuka na muundi uliovunjika wakati ule mzima uko Mbeya. Mnataka aje kwenu kwa kurukaruka na mguu mmoja toka Igawa, na akifika mlinzi amwambie saa imepita?

Kwa hiyo naomba haya. Muundi uletwe Igawa kwa gari la wagonjwa, lenye mafuta. Kibao king'olewe. Picha iliyo kwenye kompyuta ifutwe, nisije nikasikia Makame anachapwa tena kama fulana za kampeni. Shemeji yangu Ibrahimu ameshachimba kaburi dogo ubavuni mwa kaka yake. Nafasi ipo na udongo ni laini.

Na kama mnaupenda kiasi cha kutouachia, basi malizieni kazi mliyoianza. Chapeni na mguu wa pili, na mbavu, na mkono wa kulia wenye kidole kilichofupishwa na msumeno. Msisahau mapafu. Mkishamaliza niiteni, nitakuja kumchukua kwa basi. Yeye hupenda kukaa dirishani.

Nisalimie wauguzi, hasa Tumpe, aliyemfunika Makame khanga yake mwenyewe baridi ilipozidi. Nisalimie Sosthenes, kama bado yupo, mwambie sasa anaweza kunyoosha miguu. Nisalimie mlinzi, chupa yangu airudishe. Na mfupa nao usalimiwe, uambiwe nyumbani hatujambo.

Ni mimi ninayengoja, kama nilivyozoeshwa kwenu,

Batuli,
mjane wa Makame, kutoa muundi mmoja.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Dokta Nirav ameshuka kwenye basi hapa barabarani, na kitu kimeviringishwa kwenye shuka la hospitali. Alisema, "Mama, nimekuletea ukauzike. Nimeshindwa kupita mbele yake kila asubuhi." Akala wali, akalia, akarudi. Tafadhali msimfukuze kazi.

Niliuosha, Ibrahimu akisubiri na jembe. Chini kidogo ya goti, kidole gumba changu kikakuta kinundu. Kile cha jiwe la Ubaruku, pale mfupa ulipounga. Nilidhani duniani nakijua mimi tu, kumbe mashine yenu nayo imekijua, hadi mteremko wake. Ibrahimu amefukia shimo tupu na bado amenuna.

Basi picha isifutwe. Itunzeni kuliko mlivyomtunza mwenyewe. Chapeni mwingine, muuweke kabatini, upande ndege mpaka uchoke, ila kibaoni liandikwe jina lake. Huu wangu haurudi. Nimeusimamisha kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, karibu na vikombe vyetu vya harusi. Majirani wanakuja kuuona saa yoyote. Kuugusa siruhusu.