Yowe la Kassian

Jumatatu, 9 Juni

Wimbo umetoka! Wa kwanza. Mwanangu Kassian kanitumia kwenye simu kutoka Dar. Vijana wanne, nywele zimetimka kama kuku kanyeshewa, suruali za kubana zinametameta, magitaa yanalia kama mashine ya kusaga. Midomo wamepaka rangi! Nikamwuliza mbona wameimba akina dada tu, wewe uko wapi. Kasema ni yeye wa tatu, na huo muziki ni roki. Amekonda. Nimebusu kioo mpaka simu ikajizima.

Unakuja lini, mwanangu? Mwaka wa tatu huu. Kasema yale yale: hakanyagi hapa kijijini Chiola mpaka wimbo wake upigwe stendi ya Ruangwa, pale walipomcheka na gitaa lake siku anaondoka.

Basi. Utapigwa.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Ruangwa na jogoo. Rahimu ana kibanda cha nyimbo pale stendi, spika zake zinasikika mpaka sokoni. Kasikiliza kidogo, akauliza, mama, huyu kijana anaumwa nini? Akasema abiria watamkimbia. Kwanza upendwe huku kwetu, watu wauulizie. Kaniazima spika ndogo. Jogoo kabaki naye. Hapo kwenye jogoo sikuelewa vizuri.

Narudi, nakutana na jirani yangu Dafrosa kabeba wali na kuku wa mwanawe Protasi. Protasi kazi yake Ruangwa, kila akipata upenyo yuko nyumbani. Eti, Mama Kassian, wako hajambo huko? Hivi lazima apite mlangoni kwangu na sufuria wazi?

Jumamosi, 14 Juni

Aibu! Mnada wa ufuta, kijiji kizima kipo. Nikaweka spika juu ya gunia, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Nilisahau wimbo unaanza na yowe. Yowe refu la Kassian. Na huku kwetu yowe ni tembo wameingia shambani, hakuna anayeuliza mara mbili. Watu mbio! Mapanga, madebe, mbwa. Dafrosa anagonga mfuniko, anapaza sauti wako wapi, wako wapi! Mwenyekiti alishapanda mkorosho. Nikasema jamani, ni mwanangu anaimba.

Mapanga yakashuka. Halafu Dafrosa akasema pole, dada.

Mimi machozi yalinitoka. Ndivyo Kassian alivyolia siku alipokanyaga siafu, mdogo bado. Nilikimbia nikamnyanyua. Sasa nikimbilie wapi?

Jumatatu, 16 Juni

Tembo wa kweli! Asubuhi, kwenye mahindi ya Dafrosa. Kapiga yowe mpaka sauti ikakauka, hakutoka mtu. Wote walidhani ni Kassian tena. Nikatoka mimi na spika. Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Kassian akapiga lile yowe, magitaa yakaingia, tembo wakasimama, wakatandaza masikio. Wakageuka, wakaenda zao!

Jioni Dafrosa kaja na wali na kuku. Kaomba wimbo.

Ijumaa, 20 Juni

Unapigwa kila shamba! Mpaka Nandagala wanao. Na Rahimu anaufungulia stendi tangu asubuhi, wakulima wamepanga foleni awawekee kwenye simu. Nimekwenda mwenyewe, nimesikia. Nikampigia Kassian pale pale, nikanyanyua simu juu asikie. Habari za tembo sikuzitaja. Mtu hasemi kila kitu. Akalia. Nikamwambia godoro lako nimeshalianika.

Akasema, mama, kama Ruangwa wanatupenda hivi, hatuwezi kuondoka sasa. Wanaingia studio kurekodi wa pili. Huo nao ukipigwa stendi, anakuja.

Godoro nimelirudisha ndani. Zito lile.

Jumamosi, 21 Juni

Huo wa pili ni wa mapenzi, anasema, wa taratibu kabisa. Nimemwomba aweke yowe mwanzoni, hata dogo. Kasema atawauliza wenzake. Nimeshachagua jogoo wa kumpelekea Rahimu, yule mwekundu. Mara hii atakuja tu.

Godoro nimelitoa tena juani.