Mchicha Wenye Matundu

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Mke wangu katoka kliniki na sheria mpya. Mkunga kamshauri ale mboga za majani kila siku, yeye na aliye tumboni. Sasa anataka za kilimo hai, zisizopigwa dawa. Zinauzwa duka moja tu, kule mlimani. Bei yake? Astaghfirullah! Nikauliza mchicha usiopigwa dawa unatambulikaje. Akasema una matundu, wadudu wameonja kwanza. Matundu tu? Usingizi umeruka.

Jumanne, tarehe 5

Nimenunua mchicha wa gengeni. Nikauficha ofisini, nikavizia karani aende kunywa chai, nikatwaa kile chombo chake cha kutobolea karatasi. Kacha, kacha, fungu zima! Kazi safi. Safi mno. Mke akainua jani dirishani, akauliza wadudu hawa wamesomea wapi hata wote wang'ate duara. Hakula.

Jumatano, tarehe 6

Shemeji, kaka yake, kaja bila kualikwa. Kifua mbele, kikapu cha ndizi na maparachichi ya kilimo hai. Mke akashukuru, kisha akamwambia katupa hela: tunda la kumenya, dawa nyingi huondoka na ganda. Gharama iende kwenye majani na vitu vya kuliwa pamoja na maganda yake. Nilifurahi kama bwana harusi! Shemeji akauliza mimi nimeleta nini. Furaha kwisha.

Jioni nimeokota viwavi kwenye ua wa jirani. Nimewafunika jikoni na mchicha mpya. Siwezi kutulia, kila mara nawachungulia. Wanakula! Wanangu!

Alhamisi, tarehe 7

Balaa. Mchicha umebaki mashina, viwavi hawapo. Mmoja kaonekana begani kwa mke wangu, akipanda shingo. Mayowe! Shemeji, aliyelala kwetu, akaja mbio na ufagio, akanipiga mimi. Nikajitetea kwamba ndiyo mboga hai hiyo. Mke akasema, “Hai sawa, lakini mpaka zitembee?” Kisha akalia. Kila jani sasa linamtambalia machoni. Hali mboga tena mpaka ajifungue.

Jumamosi, tarehe 9

Jana hakugusa kitu cha kijani. Leo nimepanda mlima kwa miguu. Nimelipa bila kubishana. Nimeosha, nimekata, nimepika mwenyewe. Shemeji akaonja mbele yake. Mke akasita, akala kijiko, akamaliza sahani. Nilitaka kulia. Ndipo akasema hata mchicha wa gengeni ungefaa, mkunga alisema uoshwe vizuri tu, muhimu ni kula. Angekubali, kama ningemwambia ukweli!

Jumapili, tarehe 10

Nimeapa: ujanja basi.

Mchana katamani mayai ya kienyeji. Nikaenda. Bei! Ya kisasa ni meupe, ya kienyeji yana rangi kama ya chai. Rangi ya chai...

Nimenunua meupe. Yamo kwenye sufuria ya chai ya rangi, yanachemka tangu saa nane. Yamekolea vizuri ajabu! Mke kaita kutoka chumbani, anayataka ya kukaanga. Nimemjibu asiwe na wasiwasi.