Kinachodunda Kwenye Pengo

Jumatatu, 8 Septemba. Lodwar.
Maabara yetu inafungua tawi Kakuma. Anatakiwa karani mmoja wa kudumu, wa kukaa mapokezi. Mkataba wangu unaisha mwezi huu! Usaili ni Ijumaa, na tuko wawili, mimi na karani mwenzangu Wanjugu. Wanjugu ana meno yote. Mimi bibi alining'oa mawili ya mbele, ya chini, nikiwa mdogo, kama walivyong'olewa watoto wote kwetu. Nikitamka "sampuli" inatoka filimbi. Leo Wanjugu amenisalimu kwa Kiturkana, ejok, Bwana Mapengo, akauliza kama wageni nitawakaribisha ama nitawapigia mluzi kama mbuzi. Hata mlinzi amecheka.

Jumanne, 9 Septemba.
Daktari Apua, mtafiti wetu, ameonyesha wageni seli shina zake. Zilikuwa ngozi ya ngamia, akazirudisha nyuma mpaka zikasahau kuwa ngozi. Seli shina, anasema, haijachagua kazi. Inasikiliza. Inasikiliza majirani, kemikali, hata ugumu wa mahali ilipolazwa. Palipo laini huelekea kuwa neva, palipo pagumu huelekea kuwa mfupa. Wageni wamepiga picha. Mimi nimegusa taya langu. Gumu kabisa! Mpango wa kuotesha meno umekamilika kabla ya chai.

Jumatano, 10 Septemba.
Daktari alipokwenda kula, nilifungua kabati la joto. Nikachukua kisahani cha kwanza. Ndani mna utando mwembamba, kama wa maziwa yaliyopoa. Ukashtuka. Nikadhani ni mkono wangu unaotetemeka. Nikakiweka kisahani mezani, nikasogea nyuma. Ukaendelea kushtuka.
Nimechoma ufizi kwa pini, nikaupachika utando, nikaziba kwa pamba. Usaili hausubiri mwoga.
Alasiri: unadunda. Nimeshika mpigo wa mkono wangu. Haulingani na huo wa mdomoni.

Alhamisi, 11 Septemba.
Bado unadunda. Wanjugu ameuliza nasikiliza nini.
Daktari Apua anatafuta kisahani chake. Anasema hizo hazikuwa seli shina tena. Kwa siku nyingi ameziambia moyo, moyo, nazo zimekubali. Zikishakubali hazirudi nyuma zenyewe, wala hazigeuki kitu kingine. Zilaze hata juu ya jiwe, zitadunda tu mpaka zife.
Moyo! Nimeuliza, mdomo nusu, je, mtu akizila kwa bahati mbaya? Akanitazama. Zitakufa, akasema, mwili wa mtu haupokei ngamia. Alipokuwa akisema, ufizi ulidunda mbio, kama uliotambua sauti.

Ijumaa, 12 Septemba. Kakuma.
Njiani, ngamia waliokuwa wakila kando ya lami waliinua vichwa. Wote. Wakafuata dirisha langu kwa macho mpaka basi likapita. Abiria mwenzangu ameomba kuhamia kiti kingine.
Wanjugu aliingia kwanza, akatoka anacheka. Nikaingia na kiganja mdomoni. Mkuu wa tawi ni Bwana Madut, aliyetoka Sudan Kusini akiwa mtoto. Akatabasamu. Ana pengo! La chini, mbele, kama langu! Akasema kwao pia hung'olewa, na kwamba amesikia habari zangu akafurahi, maana wagonjwa wa hapa wakiuona mdomo kama huo watajiona nyumbani. Fungua basi, kijana, tuongee.
Kufungua tu ndiko kulikotakiwa. Lakini chumba kilikuwa kimya, na Daktari Apua, aliyeketi pembeni, aliinua kichwa akauliza nani ana saa inayogonga hivyo. Nikafumba zaidi. Kila swali nilijibu kwa kichwa. Bwana Madut akasema, hata salamu, ndugu yangu? Nikatikisa kichwa.
Wanjugu amepata kazi. Amenipungia mkono kwa meno yote.

Jumamosi, 13 Septemba. Lodwar.
Mapigo mawili sasa yanalingana. Sijui nani amemfuata mwenzake.
Nimetafakari kwa makini na kosa langu limeonekana: nilitibu meno badala ya akili. Wanjugu alijibu maswali, mimi sikujibu. Mwezi haujaisha, na Daktari Apua anasema kabati la chini lina seli zinazoambiwa neva. Safari hii nitasoma kibandiko kwanza. Sikio liko karibu na ubongo. Nitatumia la kushoto, nadhani. La kulia ndilo la simu.