Natafuta Siku ya Kuzaliwa

Jumatano, 5 Juni 1974

Baridi! Ukungu umekalia mlima Loleza, hapa juu ya Mbeya, tangu asubuhi na hauonyeshi dalili ya kuondoka. Kufuma kwa Mama Asukile, kama kila Jumatano. Tulikuwa sote wanne: Mama Asukile, mwenye nyumba na mwenye amri; Tupokigwe, nesi mstaafu, Mnyakyusa mwenzangu wa Tukuyu; Kashindye, Msukuma, ambaye mumewe Bujiku ana ng'ombe wengi kule Usangu; na mimi, Marta, mwenye akili kuliko wote, ingawa hakuna aliyewahi kulisema.

Tumepanga sherehe ya Mama Asukile. Anatimiza miaka hamsini Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Utaratibu wetu ni huu: mwenye siku yake hufumiwa kitu na kila mmoja wetu, kisha tunakwenda studio kwa Eliezeri, mpiga picha. Yeye anaketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, mbele ya pazia lililochorwa ndege, kama mtu anayesafiri. Sisi wengine tunasimama nyuma. Picha inawekwa dirishani na mji mzima unaiona.

Mimi tangu tuanze nasimama nyuma. Sijawahi kufumiwa hata soksi. Sina tarehe! Mama alifariki bila kuniambia, na cheti changu cha ubatizo kililiwa na mchwa. Nilipata kusema nimezaliwa Pasaka. Tupokigwe akauliza Pasaka ya mwezi gani, maana inahama. Sikujua inahama.

Kashindye naye hakuwa na tarehe. Akajichagulia Saba Saba, ili asiisahau, na Bujiku akachinja ng'ombe. Hakuna aliyeuliza neno, midomo ilikuwa na kazi. Baada ya hapo ndipo Mama Asukile akatoa amri kwamba asiye na tarehe alete shahidi.

Sawa. Nitaleta shahidi.

Ijumaa, 7 Juni

Shahidi amepatikana! Mjomba Jailos, kaka yake marehemu mama. Nimempelekea salamu Tukuyu kwa utingo wa basi, aje Jumapili. Tarehe nimeichagua mwenyewe: kumi na sita Juni. Inamtangulia Mama Asukile. Nitakikalia kile kiti kabla yake, naye atasimama nyuma aone ladha yake.

Tadeo wangu amerudi na lori la mbao kutoka Mafinga. Nikamweleza mpango. Akauliza kwa nini nisimwambie tu Mama Asukile kwamba naumia. Wanaume hawajui mipango. Lakini alinichukulia sufu nyeupe kule Iringa bila kuombwa, akaifunga kwenye shati lake isiingie vumbi la mbao. Namshukuru Mungu kwa mume huyu.

Jumapili, 9 Juni

Mjomba amefika na mkungu wa ndizi na jogoo. Tukafanya mazoezi. Nikamuuliza Marta alizaliwa lini. Akajibu kumi na sita Juni. Safi! Nikarudia baada ya chakula. Akajibu kumi na sita. Mwezi gani? Akasema ule ule. Naona ni shibe tu.

Jumatano, 12 Juni

Aibu.

Mjomba aliketi pale sebuleni kwa Mama Asukile, kofia magotini, chai mkononi. Alipendeza. Mama Asukile akamuuliza kwa heshima kama anaikumbuka siku niliyozaliwa. Mjomba akasema anaikumbuka vizuri sana. Nikamkonyeza. Akasema, siku hiyo mvua ilinyesha.

Ndiyo ushahidi wake! Mvua! Tukuyu!

Tupokigwe akasema, mjomba, Tukuyu mvua inanyesha kila siku, hata leo inanyesha. Mjomba akasema hapana, ile ilikuwa kubwa, daraja lilikwenda na maji. Tupokigwe akauliza daraja lipi, maana kila masika linakwenda moja. Basi wakaanza wao wawili, madaraja, mafuriko, migomba iliyoanguka, mbuzi wa nani alisombwa, kwa Kinyakyusa kitupu, wakicheka mpaka machozi. Kashindye akasema kwao Shinyanga mtoto akizaliwa siku ya mvua, kijiji kizima kinaitaja mpaka saa. Nikatamani ningezaliwa Shinyanga.

Mama Asukile akahukumu: mvua si tarehe. Akamwongezea mjomba chai, akamfungia na mkate wa njiani. Mjomba ameondoka akinishukuru kwa kumkutanisha na watu wazuri.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefikiri upya. Kosa langu lilikuwa kupita kwa shahidi. Nipite kwa hakimu mwenyewe! Wengine watamfumia kofia na soksi. Mimi nitamfumia sweta zima, shingo, mikono, kila kitu. Akishalivaa, mwili umepata moto, moyo umelainika, hapo hapo namwomba tarehe. Mtu aliyevaa zawadi yako atakunyima kwa mdomo gani?

Tatizo ni vipimo. Nikimpima atajua. Na umbo lake silijui, siku zote kajitanda vitenge na shali kwa ajili ya baridi. Lakini akili ni mali! Nimekwenda kwa Eliezeri, nikaazima picha ya Mama Asukile ya mwaka jana, ile amesimama peke yake kando ya stuli, amevaa koti jeusi la heshima. Stuli yenyewe ipo pale pale studio. Nikaipima stuli kwa uzi, nikaipima stuli ya kwenye picha, kisha nikayapima mabega ya Mama Asukile nikayakuza kadiri hiyo hiyo. Hesabu safi kabisa. Eliezeri alikuwa ndani gizani anasafisha picha, hakuniona nikipima.

Nilishangaa kidogo. Sikujua Mama Asukile ana mabega ya namna ile. Kumbe vitenge huficha mengi.

Alhamisi, 20 Juni

Nafuma, nafuma. Sindano zimekuwa fupi, vitanzi vinamwagika. Nimechomoa spoku mbili za baiskeli ya Tadeo nikazinoa kwenye jiwe, zimekuwa sindano nzuri ajabu. Tadeo amekwenda sokoni na baiskeli na amerudi akiibeba begani. Hakugomba. Aliuliza tu kama huyo ninayemfumia ni mtu au ni lori, maana linahitaji turubai.

Sufu nyeupe imekwisha na mgongo haujaisha. Kashindye aliponiona natafuta sufu sokoni, alinipa donge lake la bluu, hakuuliza la nini. Nilimwambia ndaga fijo, asante sana ya kwetu, naye akanijibu Kisukuma, tukaelewana.

Jumatano, 26 Juni

Bluu nayo imekwisha. Umebaki mkono mmoja. Mji mzima hauna sufu. Nimefanya linalofanywa na shujaa: nimefumua sweta langu la kahawia. Lilikuwa la pekee. Nilikuwa nalo tangu tulipooana, na lilipokuwa linafumuka lilinitia simanzi kidogo, lakini tarehe ni ya maisha.

Leo kwa Mama Asukile nilikaa nimejikunja. Wakauliza sweta langu liko wapi. Nikasema nasikia joto. Pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi.

Jumamosi, 29 Juni

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Tulikutana studio. Tupokigwe alitoa kofia. Kashindye alitoa soksi zenye mistari. Mimi nikangoja wamalize, nikafungua kifurushi. Sweta likatoka, likaendelea kutoka. Mama Asukile akalivaa. Mabega yakaangukia viwikoni. Mikono ikafika sakafuni. Pindo likafika chini ya magoti. Shingo ilikuwa pana mpaka likateleza na kubaki begani upande mmoja. Ndani yake Mama Asukile alikuwa mwembamba, mwembamba sana, kamwili kadogo ambako sikuwahi kukaona.

Eliezeri akauliza vipimo nimevipata wapi. Nikaeleza, picha, uzi, stuli. Alicheka akakalia sanduku la kamera. Kisha akatungua koti jeusi msumarini akatuonyesha. Koti ni la studio! Lilikuwa la marehemu baba yake, mchinjaji, mtu wa miraba minne. Kila anayetaka picha ya heshima huvalishwa, likabanwa kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo. Nusu ya Mbeya wamepigwa picha ndani ya koti lile. Mimi nimemfumia sweta marehemu!

Nikatamani sakafu inimeze. Tarehe ndiyo basi. Nilianza kukunja karatasi ya kifurushi ili nipate pa kutazama.

Tupokigwe akashika ule mkono wa kahawia. Akaugeuza. Akasema polepole kwamba sufu hii anaijua, hii si sweta la Marta? Wote wakanitazama. Nilikuwa na gauni na kitenge tu. Mama Asukile akaniuliza kama nimefumua nguo yangu nikapigwa na baridi ya Juni kwa ajili yake. Nilitaka kusema jambo la akili. Halikuja. Nikasema ndiyo, mama, lakini nilikuwa nataka tarehe. Na nikamwambia yote, kwamba nimechoka kusimama nyuma, kwamba mtu asiye na siku yake hakuna anayemkumbuka.

Akashika pindo la sweta, akalinyanyua, akasema, "Ingia."

Nikaingia. Kichwa changu kikatokea shingoni kando ya chake. Lilitutosha kabisa! Joto lake lilinifikia mara moja. Eliezeri akasema tukae haraka, filamu imebaki picha moja na nyingine haijulikani itatoka lini Dar es Salaam. Tukaketi wawili kwenye kile kiti, mkono mmoja mweupe wake, mkono wa kahawia wangu, ndege nyuma yetu. Kashindye na Tupokigwe wakasimama nyuma wakiyashikilia mabega yasianguke.

Kabla hajabonyeza, Mama Asukile akasema kwamba kuanzia leo ishirini na tisa Juni ni yetu sote wawili. Tupokigwe, yule nesi, akauliza shahidi yuko wapi. Mama Asukile akasema, "Shahidi ni mimi. Nimemwona akitokea kwa macho yangu."

Kamera ikalia. Nilikuwa nalia pia. Itaonekana kwenye picha, na iwe.

Jumapili, 30 Juni

Kanisani niliomba kwa muda mrefu. Sikuomba kitu. Nilishukuru tu, mmoja mmoja kwa jina. Sistahili marafiki hawa. Nimemwahidi Mungu kwamba mipango nimeacha.

Jumatatu, 8 Julai

Jana Saba Saba, siku ya Kashindye. Nyama mpaka shingoni. Nilimfumia kitambaa cha kichwa. Nilimpima kichwa chake mwenyewe, kwa mikono yangu.

Kisha wakanishangaza. Tupokigwe akatoa kifurushi kutoka chini ya kiti. Sweta! La kwangu! Wamelifumua lile kubwa wote watatu, wakafuma jipya, jeupe na bluu, mikono ya kahawia. Linanikaa kama ngozi. Kashindye alifuma mgongo, Tupokigwe mikono, Mama Asukile shingo. Nilikodoa macho mpaka Bujiku akadhani nimekwamwa na mfupa.

Picha yetu iko dirishani kwa Eliezeri. Watu wanasimama, wanacheka, wanauliza yule mtu mwenye vichwa viwili ni nani. Nawaambia ni mimi, wa kulia. Sijapata kufurahi hivi tangu nizaliwe, na sasa najua ni lini.

Jumatatu, 15 Julai

Iringa! Nimekuja na lori la Tadeo, nimekaa mbele kama bibi mkubwa, na sweta langu. Tumefikia kwa dada yake, Mama Danieli, mtaa wa Gangilonga. Nyumba nzuri, upepo mkali. Salamu za kamwene, za Wahehe, kila kona.

Mama Danieli naye ana wenzake wa kufuma! Leo nimekaa nao. Wanawake wema mno, wamenisogeza karibu na jiko la mkaa wakanipa viazi vya kuchoma. Nao wanasherehekea siku za kuzaliwa. Lakini wao hawatoi soksi. Wao wanatoa shali, kubwa, ya sufu safi, na kuku.

Wakaniuliza yangu ni lini. Nilifungua mdomo niseme ishirini na tisa Juni. Wallahi nilifungua. Ila ishirini na tisa Juni imeshapita, na shali ile nimeiona kwa macho. Nikasikia nasema Jumamosi hii, tarehe ishirini.

Wamefurahi! Hakuna aliyedai shahidi. Watu wa Iringa wana imani. Wameshaanza kufuma, na mpiga picha ameshapewa taarifa. Anaitwa Silvester, na ajabu ya Mungu, ni mdogo wake Eliezeri wa Mbeya! Kijana mkarimu. Ameniambia kila picha yake nzuri humpelekea kaka yake, aiweke kwenye dirisha lake kule. Kwa hiyo nitaonekana miji miwili! Nimemshukuru sana, nikamwomba aiwahishe kwa basi la Jumatatu, na aandike chini yake kwa herufi kubwa, zisomeke hata kutoka ng'ambo ya barabara: MARTA, SIKU YAKE YA KUZALIWA, 20 JULAI. Mama Asukile atafurahi sana kuniona.