Malkia Mwenye Pembe na Kabati la Sukari

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri amenirudishia mswada wa riwaya yangu ya mazimwi na falme za angani. Anasema ni mwembamba, na Malkia Mwovu ni jina tupu, hana damu wala nyama. Nikamnenepeshe. Hana damu! Nimeumia. Nimekula chakula cha shangazi, nikapata nafuu. Niko kwake tangu niache kazi ili niandike. Anawatangazia watu kwamba mimi ni mwandishi. Nami nawatangazia hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Malkia nimempata! Yuko jikoni. Shangazi hufunga kabati la sukari na kuning'iniza ufunguo shingoni. Huhesabu vipande vya nyama kabla ya kutupakulia mimi na watoto wake. Akitaka kuingia chumbani kwangu hukohoa kwanza mlangoni, kama gari linalokataa kuwaka. Vyote nimempa malkia. Sura ya saba imenona. Ili shangazi asijulikane, nimemwotesha malkia pembe na mkia. Nani atamjua? Akili ninazo.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kauliza kitabu kimefika wapi. Nikamjibu kwamba kinamhusu mwanamke shujaa, na nitamtunukia yeye. Alifurahi hadi akalifungua kabati mwenyewe. Nilikunywa chai tamu huku nikitazama ukuta.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Nimeamka mchana, mswada haupo mezani. Shangazi kaubeba kwenda nao kwenye kikundi chao cha akina mama, akawasomee kazi ya mwanawe. Nimetoka mbio, kandambili moja yangu, nyingine yake. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Alikuwa ameshaingia sura ya saba.

Kwenye ufunguo walicheka. Kwenye nyama mwekahazina wa kikundi alishika mbavu. Malkia alipokohoa mlangoni, wote waligeuka kumtazama shangazi. Akaendelea kusoma, polepole, hadi mwisho wa ukurasa, kisha akawashukuru kwa kusikiliza. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya dirisha, natamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

Jumapili, 9 Machi
Nilikuwa nimejiandalia utetezi: malkia ana pembe, shangazi hana. Sikuuhitaji. Hakugomba hata kidogo. Alinipakulia, akasema kazi ni nzuri, ila kuna kosa mahali pamoja. Malkia hahesabu nyama kwa uchoyo. Anahesabu ili kipande cha yule anayelala hadi mchana kisije kikaliwa na wenzake.

Kisha akauvua ufunguo, akauweka kando ya sahani yangu, akaenda kuosha vyombo. Nina aibu, aibu tupu, hata mkono unaoandika haya siutaki. Naapa, kesho sura ya saba naichoma moto.

Jumanne, 11 Machi
Sikupata kiberiti. Halafu mhariri kapiga simu, nikaona si vibaya nimsomee kidogo. Kaipenda! Malkia sasa anapumua, kasema. Nimeongeza na mwisho: malkia anauvua ufunguo, anauweka kando ya sahani ya mtumishi wake mvivu. Nililia nikiandika. Mhariri naye kaguswa, ila anasema malkia amekuwa mwema mno, riwaya inadai mwovu mpya.

Shangazi kakohoa mlangoni. Anasema mwekahazina, yule aliyecheka sana, atakuja kula nasi Jumapili, na nisimwekee kinyongo. Nimemwambia aje tu, sina neno naye. Mama yule kicheko chake hutokea puani. Nimeshampa mabawa. Nani atamjua?