Joto Kwenye Tangi la Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu asubuhi na sina mpango wa kupoa. Profesa katangaza: ajira ya kudumu hapa maabara ni moja, na tuko wawili. Mimi na Miwani. Miwani! Kaingia juzi tu, mimi nimewalea hawa vifuko vya baharini miaka minne! Na ni wanyama gani? Kifuko laini kimejishikiza kwenye jiwe, ukikibinya kinakurushia maji usoni. Mimi hurushiwa kila siku. Miwani, hata tone.

Mtihani ndio huu. Kila mmoja ana tangi lake la wazazi, maji baridi. Mayai yao yatatiwa kwenye maji ya joto. Viluwiluwi vikitoka na mikia iliyonyooka, umeshinda. Vikitoka vimejikunja, kwaheri. Profesa anataka kujua ni jeni zipi huamka joto likizidi. Mimi nataka mshahara.

Jioni shemeji, mume wa dada, kaniuliza kama kochi lake lina gundi. Eti mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nisipopata ajira, mwisho wa mwezi nihame. Dada kaendelea kukunja nguo zake! Damu moja hiyo!

Jumatano, 5 Machi

Dawa ya Miwani nimeipata. Mchana, wote wakiwa kantini, nimetumbukiza hita ndogo kwenye tangi la Miwani, nyuma ya bomba. Joto la kuwatesa wazazi, si la kuwaua. Mzazi aliyeteseka atazaa nini? Takataka! Niliporudi Miwani kanimiminia chai. Nimeinywa kwa hasira.

Ijumaa, 14 Machi

Wanyama wa Miwani wamenywea. Analalamika tangi lake lina joto na fundi haoni ubaya wowote kwenye mashine ya kupoozea. Nimempa pole. Wangu wamenona, raha mustarehe. Nimemwambia shemeji aanze kunizoea nikiwa mtu mwenye cheo. Kaniambia nivue viatu kabla ya kupanda kochi. Sawa. Atajua hajui.

Jumatatu, 17 Machi

Balaa! Mayai yametiwa kwenye maji ya joto. Yangu yametoa viluwiluwi vilivyojikunja kama karatasi za kutupa, hakiogelei hata kimoja. Vya Miwani mikia imenyooka, vinachapa mbio sahani nzima! Profesa karuka juu, na mvi zake zote. Kasema wazazi waliozoea joto wamewaandaa watoto tangu kwenye yai, jeni za kujikinga zimeamka mapema. Kamuuliza Miwani kawafanya nini. Miwani, na ukweli wake wa kuudhi, kasema hajui.

Nikaona sifa zinapotea bure. Nikanyoosha mkono, nikasema ni mimi! Nikachomoa hita mbele ya wote kwa mbwembwe. Profesa kaniuliza taratibu: kama nilijua itasaidia, mbona sikuitia kwenye tangi langu?

Alhamisi, 20 Machi

Kazi kapewa Miwani. Mimi nasugua matangi hadi mwisho wa mwezi, tena kwa sababu Miwani kaniombea nisifukuzwe leo leo. Kaniombea! Nani kamtuma? Nimesugua kwa hasira mpaka brashi ikaniponyoka. Nyumbani dada kalia. Shemeji kaniwekea nguo zangu mlangoni, kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hana hata haya.

Nimekaa, nimefikiri, na kosa langu nimeliona. Ni lile joto. Nilichagua vibaya tu. Sasa Miwani kaanza tangi jipya la wazazi, na Profesa kasema safari hii watoto watajaribiwa kwenye maji yenye chumvi kali. Vizuri. Mchana huu, walipokuwa kantini wakimpongeza, nimewamwagia wazazi hao chumvi kidogo. Kesho naongeza. Mpaka nikitoka hapa watakuwa wameteseka vya kutosha, na huyo Miwani atanitambua.